Koneti «ya enzi za Seyyid Barghash»: uzoefu wangu na duka moja la vitu vya kale Mji Mkongwe

Jina la duka nitalihifadhi, ingawa mwenyewe hakunihifadhia heshima yangu. Siku chache baada ya Idi nilinunua humo koneti, ile tarumbeta fupi ya beni (bendi ya matarumbeta), kwa shilingi laki tatu na nusu, baada ya kuapiwa kwamba ilipigwa katika kasri la Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Kwenye mdomo wake mpana pamechorwa Boosey & Hawkes, London. Kampuni ya jina hilo iliundwa mwaka 1930, Boosey na Hawkes walipoungana, ilhali Seyyid Barghash alifariki mwaka 1888. Hilo nililijua baadaye, na ningelicheka tu barazani lau ala yenyewe ingepigika.

Haikupigika. Vali ya pili, kile kitufe cha kubadilishia sauti, ukiibonyeza ilikuwa hairudi, na iliniganda katikati ya beni la harusi Michenzani, akina mama wamekwisha kukolea, nami nimebaki na sauti moja kama honi ya daladala iliyokwama, mpaka nikaifyatua kwa kucha mbele ya kadamnasi.

Mzee mmoja, mpigaji wa zamani, aliifungua juu ya gazeti. Alinionesha vidoa vya rangi ya waridi kwenye mrija wa mbele, mahali ambapo shaba imepoteza zinki yake na kuoza kutoka ndani. Kisha alivuta kijimrija cha vali bila ya kuibonyeza, akangoja kidogo, akabonyeza. Ala iliyo nzima hutoa mlio wa «po!», yangu ilikaa kimya. «Mwanangu, hii inavuja,» alisema.

Nilirudi dukani na adabu zangu zote, nikaamkia, nikamwambia, «Ami, vali inaganda.» Bwana yule hakuacha hata kupangusa birika lake. «Ala ni nzima, mpulizaji ndiye mbovu. Nyinyi Wapemba zoeeni zumari.» Nimezaliwa Wete, sikatai, lakini mtu anayepiga zumari bila ya kukata pumzi ndiye wa kuambiwa hajui kupuliza?

Nikamwambia basi ainunue yeye. Hapo birika liliwekwa chini, miwani ikavaliwa, na kasoro zote alizozikana muda mfupi kabla akazisoma moja moja kama karani wa mahakama: vali mbovu, mrija umeoza, hewa inavuja. Bei yake ilikuwa elfu arobaini, kwa uzito wa shaba.

Nilikusudia kumalizia kwa kuwaambia msikanyage pale. Lakini mzee wangu ameisafisha vali na kuuziba mrija kwa lehemu, na sauti inayotoka sasa ni nene na ya upole, sijapata kuisikia katika ala mpya yoyote niliyoishika. Kweli, ilitengenezwa kwa «sauti ya juu», kipimo kilicho juu kidogo kuliko cha ala za leo, ambacho beni nyingi za Uingereza zilikishikilia hadi miaka ya 1960, kwa hiyo nikipiga pamoja na kinanda hulazimika kuvuta mrija wa kusawazishia karibu wote nje. Hata hivyo siijutii, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana deni la furaha hii ninadaiwa na mtu yule.

Juzi alinisikia nikipiga, akamtuma kijana wake aje kuniuliza kama nitaiuza kwa laki tatu. Nilimwambia kijana amfikishie ami salamu, na kwamba Mpemba bado anajifunza kupuliza.