Cheti cha chuo au CCNA? Kipi ulipie kwanza ukiwa Mbeya au Iringa

Kabla hujatoa hela, jiulize nani atakayekisoma cheti hicho. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa nafasi za TEHAMA hutaka stashahada au shahada ya chuo kinachotambuliwa na Serikali, na hapo CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, hakizibi pengo la elimu. Kampuni ya intaneti inayotafuta mtu wa kusimamia ruta zake Mafinga au Tunduma inataka kujua jambo jingine: ukikabidhiwa kifaa, utakiweka sawa?

Kwa aliyeishia kidato cha nne au cha sita, nafasi ya kwanza katika orodha yetu ni stashahada, yaani ngazi ya 6 ya NTA (tuzo za taifa za ufundi). Anza kuulizia MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), Chuo Kikuu cha Iringa na RUCU (Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, Iringa). Chuo kuwa na usajili hakumaanishi kila kozi yake imesajiliwa, kwa hiyo tafuta jina la kozi yenyewe kwenye orodha za NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) au TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kabla ya kulipa ada. Stashahada ina faida moja ambayo watu huisahau: haiishi muda.

Nafasi ya pili, na ya kwanza kwa mwenye stashahada tayari anayetaka kazi ya mitandao, ni CCNA. Ni mtihani mmoja, namba 200-301, dakika 120, dola 300. Dola ikiwa shilingi 2,500, hiyo ni 750,000. Cheti hudumu miaka 3, na ndiyo maana hatushauri kuufanya ukiwa mwaka wa kwanza wa chuo: utahitimu muda wake umekaribia kwisha. Ufanye muhula wa mwisho.

Maandalizi hayahitaji vifaa vya bei. Fungua akaunti ya Cisco Networking Academy, pakua bure Packet Tracer, programu ya kuigiza mitandao, ujenge mitandao humo kila siku. Asilimia 25 ya mtihani ni kuelekeza pakiti kati ya mitandao, hivyo OSPF (itifaki ambayo ruta huitumia kupashana njia) na njia unazoziandika mwenyewe kwenye ruta (static routes) zipewe muda mwingi. Wengi huangushwa na kugawa subneti, yaani mafungu madogo ya mtandao, polepole. Ukiona 192.168.10.0/26 ujue papo hapo kwamba ina anwani 64, za vifaa ni 62. Mtihani hauruhusu kurudi swali la nyuma, kwa hiyo muda uliopotea hapo haurudi. Usinunue mafaili ya maswali ya kukariri: Cisco ikigundua inaweza kukufutia cheti.

Tahadhari kubwa: cheti cha kumaliza kozi za Networking Academy siyo CCNA. Ukikiandika kama CCNA kwenye wasifu wako, mwajiri atahakiki mtandaoni na utaonekana umedanganya.

Ukifanyia mtihani wa CCNA nyumbani kupitia Pearson VUE, kampuni inayousimamia, jina la usajili lilingane herufi kwa herufi na la kitambulisho. Chumba kiwe kitupu, meza tupu, mtu asiingie. Intaneti ya kugawa kutoka kwenye simu haishauriwi. Kati ya Novemba na Aprili, mvua za huku zikiambatana na radi, kukatika kwa umeme ndiko hatari kubwa. Betri ya laptopu itashika lakini ruta itazimika, basi iwekee UPS (betri ya akiba) ndogo. Ukianguka, unasubiri siku 5 na unalipa upya.

CompTIA A+, cheti cha msingi cha matengenezo na msaada wa kompyuta, tunaiweka ya tatu, mbali kidogo. Ni nzuri kwa dawati la msaada, ila ina mitihani miwili na kila mmoja unalipiwa peke yake. Kwa anayefungua duka la matengenezo Mwanjelwa, hela hiyo inunue vifaa vya kuchomea na spea.

Vyeti vya bure vije wakati wowote. CS50, kozi ya Harvard ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta, hutoa cheti bila malipo ukikamilisha kazi zote na mradi wa mwisho; kinacholipiwa ni kile cha edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Hakimpi mtu ngazi yoyote ya NTA, lakini kazi za C, Python na SQL utakazobaki nazo unaweza kumwonyesha mwajiri.

Ya mwisho ni kozi fupi ya kulipia yenye nembo ya chuo kikuu, hasa ya ng'ambo. Mara nyingine mwenye nembo siye anayefundisha. Kampuni ya Marekani, 2U, iliyokuwa ikiendesha kambi za mafunzo (bootcamp) kwa majina ya vyuo vikuu, ilitangaza Desemba 2024 kwamba inaachana nazo. Kabla ya kulipa omba majibu kwa maandishi: nani anafundisha, nani anasahihisha, cheti ni cha kufaulu au cha kuhudhuria tu, na kama masomo hayo yatahesabiwa ukijiunga na stashahada. Wakikwepa swali la mwisho, usilipe.