Miche ya haskapu kwa bustani ya nchi ya baridi: Aurora na Tundra

Miongoni mwa miche ya matunda inayouzwa hapa Saskatoon, nchini Kanada, haskapu (kichaka kinachozaa matunda madogo ya buluu) aina ya Aurora ndiyo ninayoipendekeza kwanza kwa mwenye bustani ndogo nyuma ya nyumba. Aina hii ilitolewa na Chuo Kikuu cha Saskatchewan mwaka 2012, kutokana na kazi ya mtafiti Bob Bors ya kuzalisha mimea yenye asili ya Urusi na Japani. Kichaka chake hustahimili nyuzi 40 chini ya sifuri, na maua yake, yanayochanua wakati ambapo usiku bado hugandisha maji, hayafi hata kipimajoto kikishuka hadi nyuzi 7 chini ya sifuri. Ua la mtufaha likipigwa na baridi hiyo, mavuno ya mwaka yamekwisha.

Matunda huiva kabla ya stroberi. Ni marefu kidogo, ya buluu iliyofunikwa na unga mweupe, na ngozi yake ni laini kiasi kwamba yakigandishwa huyeyuka mdomoni bila kuacha ganda. Maji yake hutia vidole rangi kama zambarau. Hata hivyo, mkulima asidanganywe na rangi ya nje, kwa kuwa tunda hugeuka buluu mapema huku ndani likiwa bado kijani na chachu la kukunja uso. Pasua moja kwanza. Nyama ikiwa imeiva rangi hadi katikati, ndipo uchume.

Lalamiko langu linahusu kitalu kilichoniuzia miche ya awali. Niliuziwa Tundra na Borealis, aina nyingine mbili za haskapu, kama jozi inayofaa kuchavushana, ilhali aina hizo zina undugu wa karibu mno kuweza kuchavushana ipasavyo. Vichaka vilichanua, nyuki wakaja, lakini matunda yaliyoshika yalikuwa ya kuhesabika. Nilipopanda Aurora kando yake, Tundra ileile ilizaa hadi matawi yakainama. Muuzaji wa miche anapaswa kumweleza mnunuzi jambo hili kabla ya kupokea fedha zake.

Kwa udongo, haskapu haina makuu: haihitaji uchachu mkali kama bluberi. Majani yakianza kuwa ya kahawia mwezi wa Julai, mara nyingi ni jua tu, wala hakuna haja ya kukimbilia dawa. Ndugu wa Njombe na Limuru wanaoniuliza kama wanaweza kuipanda, huwajibu kwamba siwashauri, kwa sababu mmea huu unahitaji majira marefu ya baridi ili machipukizi yake yaamke sawasawa.

Mwenye nafasi ya vichaka viwili achukue Aurora na Tundra, avitenganishe kwa takriban mita moja na nusu, na anunue wavu siku hiyo hiyo, kwani ndege huanza kula kabla tunda halijapata utamu.