TAHADHARI: "Mtaalamu" wa kutyuni Forester za tabo Nairobi anauza faili lilelile kwa kila gari

Wenzangu wenye Subaru za tabo, hasa mlio Nairobi, nawaomba msome hili kabla hamjamlipa mtu hela ya "tyuni kamili", yaani kubadilisha programu ya kompyuta ya injini ili gari lipate nguvu zaidi. Injini yangu imenoki, na aliyeiua bado yuko kazini. Amebadilisha jina na namba ya simu, kwa hiyo nitaeleza anavyofanya kazi yake. Kwa hilo mtamtambua.

Gari langu ni Forester ya 2008, lita 2.0 ya tabo. Tangazo lake lilikuwa na picha ya grafu ya nguvu za injini. Baadaye niliiona grafu hiyohiyo kwenye matangazo ya magari mengine mawili, hata doa la mafuta kwenye kona ya karatasi lilikuwa lilelile. Aliniuzia bomba pana la kuvutia hewa pamoja na kazi ya kompyuta, jumla shilingi 45,000. Tulikutana kwenye maegesho ya kituo cha mafuta. Akafunga bomba, akachomeka laptopu chini ya usukani, akapandisha faili (hiyo programu mpya), akapiga resi mara mbili tatu, akaniambia nilipe kwa simu. Dakika 40 hazikuisha. Gari hakuliendesha hata mita moja, wala hakuweka kipimo chochote kwenye ekzosi. Nilipomwomba nakala ya faili la zamani alisema hiyo ni siri ya kazi.

Wiki tano gari lilivuta vizuri sana. Presha ya tabo ikipandishwa unaisikia mgongoni, unamsifu fundi, unamtafutia wateja. Mimi nilimpelekea rafiki yangu, na hilo linaniuma kuliko pesa.

Halafu tukasafiri kwenda Mombasa. Tumeshapita mji wa Mackinnon Road, nikakanyaga mafuta gia ya tatu ili nipite lori. Nikasikia mlio kama njugu zinazotikiswa ndani ya kopo, sekunde mbili hivi, kisha gari likaanza kutetemeka na moshi wa bluu ukajaa kwenye kioo cha nyuma. Mke wangu na watoto walikuwa ndani. Fundi alipopima kompresheni, silinda tatu zilisoma karibu psi 145, ya nne ikasoma 70. Injini ikashushwa, ikafumuliwa. Pistoni ya nne ilikuwa imevunjika ukingo ulio kati ya ringi na ringi. Kile kipande ninacho hapa mezani, hakizidi ukucha wa kidole gumba.

Fundi mwingine, anayejua kazi hii kweli, alilisoma faili lililokuwa kwenye kompyuta yangu, kisha la rafiki yangu. Ni faili moja, halina tofauti hata namba moja. Rafiki yangu gari lake lina bomba la hewa la kiwandani, langu lina bomba pana! Presha ilikuwa imepandishwa, cheche imewahishwa, na majedwali ya mafuta yote yalikuwa ya kiwandani, hayajaguswa.

Kwa wasiojua, hapa ndipo penye kifo cha injini. Kompyuta ya gari hizi hupima hewa kwa sensa iliyo kwenye bomba la kuvutia hewa. Sensa inatoa volti, na jedwali ndani ya kompyuta linageuza volti hizo kuwa gramu za hewa kwa sekunde. Mafuta yanapimwa kutokana na hesabu hiyo. Ukiweka bomba pana, hewa ileile inapita polepole mbele ya sensa, volti zinashuka, na kompyuta inaamini hewa ni kidogo. Inatoa mafuta pungufu. Tena, kwa kuwa inaona mzigo wa injini ni mdogo, inawahisha cheche zaidi. Ukiendesha polepole huoni kitu, maana sensa ya oksijeni inarekebisha mchanganyiko urudi kwenye 14.7 kwa 1, yaani hewa kwa mafuta. Ukikanyaga mpaka mwisho, kompyuta inafuata jedwali. Injini ya tabo hapo inataka kama 11 kwa 1, yangu haikuwa ikipata hata karibu. Mafuta pungufu pamoja na cheche ya mapema hufanya mchanganyiko ulipuke vibaya: ndio ule mlio wa njugu, na ndio unaovunja pistoni.

Nairobi ilinificha. Tuko juu ya mita 1,700, presha ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Kadiri nilivyoteremka, injini ilivuta hewa nzito zaidi na kuingia kwenye sehemu za jedwali ambazo haikuwahi kuzifikia nyumbani.

Na taa ya injini? Haikuwaka hata mara moja. Msimbo wa hitilafu P0171, ule unaoonya kwamba mafuta ni pungufu, alikuwa ameuzima ndani ya faili. Mtu asiyejua anaweza kusahau jedwali. Huyu alijua kengele italia, akaikata waya.

Nilipompigia alisema nimeweka mafuta mabaya. Mara ya pili hakupokea. Nimeshaandikisha OB (kitabu cha matukio) kituo cha polisi.

Kama umeshafanyiwa kazi ya namna hii, usikanyage mafuta mpaka mwisho, na usishuke pwani. Nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kwenye simu, uangalie marekebisho ya mafuta ya muda mrefu. Subiri siku kadhaa za kuendesha kwanza, kwa sababu kupandisha faili hufuta kumbukumbu na kila kitu husoma sifuri. Ndani ya asilimia 5, juu au chini, hesabu ya hewa iko sawa. Ikipita +10, huenda kuna hewa isiyohesabiwa. Yangu ilikuwa +19 na sikuwahi kuitazama kabla injini haijafa.

Na kama ndio unatafuta fundi, muulize jambo moja kabla ya bei: ukibadilisha bomba la hewa, utagusa jedwali gani? Anayejua atakujibu papo hapo, atataka kuliendesha gari akiwa na kipimo kwenye ekzosi, na atakukabidhi faili lako la zamani pamoja na rekodi za kabla na baada.

Faili alilonipa ninalo. Mwenye shaka na lake aniandikie, tuyalinganishe bila malipo.