Miezi minane na saa ya kupima moyo katika vilima vya Bukavu

Anayekimbia Bukavu hana haja ya kutafuta mlima, kwa kuwa mji wenyewe umekaa juu ya vilima vinavyoteremka hadi Ziwa Kivu, ambalo nalo liko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi nilipima mazoezi yangu kwa jasho: nikirudi nyumbani hoi, niliona siku imeanza vizuri. Goti la kushoto na usingizi wa mang'amung'amu ndivyo vilivyonisukuma kununua saa ya kupima mapigo ya moyo, iliyokwisha kutumika, kwa dola 90.

Niligundua mapema kwamba hesabu ya dakika kwa kilomita haina maana hapa kwetu. Nikipanda kuelekea Kadutu, moyo hufika mapigo 165 kwa dakika huku mama mwenye kikapu cha mboga, anayekwenda zake sokoni, akinipita bila kuhema. Saa ilikuwa imegawa mapigo yangu katika ngazi tano kwa kanuni ile ya kutoa umri katika 220, na kwa miaka yangu 46 kikomo kilikuwa 174. Lakini mkanda wa kifuani niliouazima kwa rafiki ulisoma 183 nilipokimbia kwa nguvu zote, kwa hiyo nilizirekebisha ngazi hizo kwa mkono. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mbio zote nilizoziita nyepesi hazikuwa nyepesi hata kidogo. Siku hizi mapigo yakipita 145 natembea, na majirani wamekwisha kuchoka kunicheka.

Faida kubwa, hata hivyo, sikuipata barabarani bali kitandani. Mapigo yangu ya pumziko, ambayo saa huyachukua usiku nikiwa nimelala, huwa kati ya 54 na 56. Yakipanda kwa saba au zaidi asubuhi mbili mfululizo, sikimbii. Mwezi wa Aprili niliamka na 63, kesho yake 65, nikabaki nyumbani kwa hasira kwa sababu nilijiona mzima. Jioni homa ikanishika, na tone la damu kwenye kituo cha afya likaonyesha malaria. Saa haikujua malaria ni nini. Ilijua tu kwamba moyo unafanya kazi kuliko kawaida, na ilisoma 63 hiyohiyo usiku niliokunywa bia mbili harusini. Ndiyo maana kando ya kila tarakimu naandika sababu kwenye daftari: mkesha wa kanisani, homa, bia, mbio ndefu ya Jumamosi.

Nisichokipenda ni ile alama ya utayari wa mwili kwa mazoezi, kutoka 0 hadi 100, inayotolewa kila asubuhi kana kwamba ni hukumu. Juma moja mabomba yalikauka mtaani, nikapandisha bidoni za maji kuanzia alfajiri hadi mgongo ukakakamaa. Kesho yake saa ikanipa 88 na kunishauri nifanye mazoezi makali. Inaona damu inavyopita chini ya ngozi kwa taa yake ya kijani, misuli haiioni. Usingizi nao huukisia, kwani saa nzima niliyokaa kimya nikisoma kwa mwanga wa mshumaa iliandikwa kuwa nimelala.

Kuna kosa jingine ambalo mnunuzi anaweza kulirekebisha mwenyewe. Asubuhi za baridi za Julai, mkanda wa saa ukiwa umelegea, saa ilinionyesha 172 kwenye barabara tambarare, na baadaye nikafahamu kwamba ilikuwa ikihesabu hatua zangu badala ya moyo. Sasa naivaa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, na kuikaza kabla ya kutoka.

Betri hudumu siku sita, muda unaotosha hata umeme ukisumbua. Alama ya utayari nimeiondoa kwenye kioo. Mahali pake nimeweka mapigo ya pumziko peke yake.