Uzoefu wangu: kuziachia mashine pepe zijiwashe na kujizima, na usiku wa tarehe 19

Mwezi wa pili tangu tuanze, tarehe 19, saa moja na nusu usiku, simu yangu iliita. Alikuwa mhasibu wetu mkuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, umenitoa kwenye kompyuta nikiwa na ritani ya mteja mkononi. Excel yangu imekwenda."

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za VAT. Aliyemtoa ni mimi, kwa kisanduku kimoja nilichokiwekea tiki wiki tano nyuma. Nitakirudia.

Ofisi yetu ya uhasibu na kodi iko Dar es Salaam na ina watu sitini na kidogo. Wote wanafanya kazi kwenye madawati pepe ya Azure Virtual Desktop, huduma ya Microsoft ambayo kompyuta unayoitumia iko mbali na unaifikia kupitia mtandao, na mashine zenyewe ziko Johannesburg, kwenye kituo cha Azure cha Afrika Kusini. Tuna mashine kumi, kila moja ina vichakataji pepe (vCPU) 4 na RAM ya GB 16, nami nimeweka ukomo wa watu 8 kwa mashine. Mwanzoni zote zilikuwa zinawaka usiku na mchana, yaani saa-mashine 1,680 kwa wiki. Jumapili saa tisa usiku tulikuwa tunalipia viti themanini visivyo na mtu hata mmoja. Hiyo ndiyo sababu niliingia kwenye mpango wa kujiongeza na kujipunguza (autoscale), unaowasha na kuzima mashine wenyewe kufuata ratiba na idadi ya watu.

Kwenye mpango huo siku imegawanywa vipindi vinne: asubuhi watu wanapoanza kuingia, saa za kilele, jioni wanapotoka, na usiku wa utulivu. Kwa kila kipindi unachagua watu wapangwe vipi. Njia ya kwanza ni kuwasambaza mashine zote zilizowaka, ili kila mmoja apate nafasi ya kutosha. Ya pili ni ile ya konda wa daladala: jaza hii mpaka ifike ukomo, ndipo uanze nyingine. Asubuhi na mchana natumia ya kwanza. Jioni naweka ya pili, ili wachache waliobaki wakusanyike pamoja na mashine nyingine zizime.

Ukweli ni kwamba siku tatu za kwanza hakuna kilichozima wala kuwaka. Mpango unaonekana umewashwa, ratiba ipo, mashine zimetulia tu. Kosa lilikuwa kwenye ruhusa. Huduma yenyewe inahitaji kupewa jukumu linaloitwa Desktop Virtualization Power On Off Contributor, na lazima ulitoe kwenye ngazi ya usajili mzima (subscription, yaani akaunti yako yote ya malipo ya Azure). Mimi nilikuwa nimelitoa kwenye kundi la rasilimali peke yake, ambalo ni sehemu tu ya usajili, nikidhani najilinda. Kama mpango wako unakaa kimya, anzia hapo kabla hujagusa kitu kingine.

Nililijua hilo kwa sababu ya logi, yaani kumbukumbu ambazo mfumo unajiandikia, na hapa naomba msomaji anisikilize. Usiwashe mpango huu bila kupeleka logi zake Log Analytics, huduma ya Azure ya kuhifadhi na kusoma logi. Jedwali linaitwa WVDAutoscaleEvaluationPooled. Kila mara mfumo unapojitathmini unaandika mstari: mashine ngapi zinawaka, watu wangapi wamo, nafasi imejaa asilimia ngapi, na sababu ya uamuzi wake. Ile safu ya sababu ndiyo nimeipenda kuliko kitu chochote kwenye huduma hii. Huna haja ya kukisia kwa nini mashine ya nne iliwaka saa nne na dakika kumi, imeandikwa. Nimeweka tahadhari inayoniletea barua pepe kila tathmini inaposhindwa, na kila Ijumaa naketi nusu saa nazisoma za wiki nzima.

Logi hizo hizo ndizo zilizonionyesha tatizo la asubuhi. Nilikuwa nimeweka kiwango cha chini cha mashine zinazowaka asilimia 20, yaani mbili, na kizingiti cha asilimia 60, yaani viti vikijaa kupita hapo mashine nyingine inawashwa. Mashine mbili ni viti 16, na asilimia 60 ya 16 ni 9.6, kwa hiyo mtu wa kumi akiingia ndipo ya tatu inaamriwa iwake. Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Lakini mashine inachukua dakika kadhaa kuamka, na watu wetu hawaingii mmojammoja: foleni ya barabara ya Morogoro ikifunguka wanafika kwa mkupuo, kati ya saa mbili kasoro robo na saa mbili na dakika kumi. Kabla mashine ya tatu haijawa tayari, zile mbili zimejaa na watu wako kwenye korido wananiulizia. Nikapandisha kiwango cha chini cha asubuhi mpaka asilimia 50, mashine tano, zianze kuwaka saa moja asubuhi. Tangu hapo asubuhi zetu ni shwari.

Angalia pia majira ya saa (time zone) ya mpango; chagua Nairobi, UTC+3. Ukiacha UTC, 7:00 uliyoandika ukimaanisha saa moja asubuhi itakuwa saa nne asubuhi kwetu.

Sasa kile kisanduku. Kipindi cha jioni kina chaguo la kuwatoa watu kwa lazima: wanapata ujumbe, wanasubiriwa dakika ulizopanga, kisha wanatolewa. Nilikipanga kianze saa moja usiku, kusubiri dakika 30, na ujumbe niliandika kwa Kiingereza cha kiofisi. Mama alikuwa kwenye simu na mteja, hakuuona. Ratiba za mfumo huu zinajua Jumatatu mpaka Jumapili tu, hazijui tarehe. Kwa mhasibu wa Tanzania mwezi unakwenda kwa tarehe: tarehe 7 kuna PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi), tarehe 20 kuna VAT. Jumatano ya tarehe 12 na Jumatano ya tarehe 19 si siku moja hata kidogo, ila kwenye ratiba zinafanana. Sabasaba nayo ikiangukia katikati ya wiki, mashine tano zinaamka asubuhi kumngoja mtu asiyekuja.

Nilikizima kisanduku usiku uleule. Sasa mashine inazimwa tu ikiwa haina aliyeingia wala aliyekatika. Aliyekatika naye anahesabiwa kuwa yumo, kwa hiyo mtu akifunga dirisha na kwenda nyumbani bila kutoka, anaweza kuiweka mashine nzima macho usiku kucha. Dawa ni sera ya Windows inayomtoa aliyekatika baada ya muda fulani. Wenzangu walishauri dakika 15. Nimekataa, nimeweka muda wa saa mbili. Umeme ukikatika ofisini, kazi ya mtu inabaki hai kule Johannesburg, na ukirudi anaikuta alipoiacha, hata kishale kiko kwenye seli ileile. Hiyo ni neema kubwa kwetu, siwezi kuitoa ili nipunguze bili kidogo.

Na tarehe 5 na 17 za kila mwezi naweka kwa mkono lebo ya kutengwa kwenye mashine tatu. Zenye lebo hiyo mfumo hauziwashi wala kuzizima, ingawa zinahesabiwa kwenye kiwango cha chini. Tarehe 8 na 21 naiondoa.

Wiki ya kawaida sasa ni kati ya saa-mashine 500 na 600. Diski na hifadhi ya wasifu wa watu (mipangilio na mafaili ya kila mmoja) bado tunalipia hata mashine zikilala, na mashine iliyozimwa kutoka ndani ya Windows inaendelea kulipiwa mpaka uizime kutoka Azure, kwa hiyo usitegemee bili kushuka kwa kiasi kilekile. Kwa ofisi ya watu kumi nisingesumbuka. Kuanzia thelathini, ningeuweka hata leo.

Mwezi uliofuata, usiku wa tarehe 19, nilikaa nyumbani na logi mbele yangu. Saa tatu walikuwamo watu 22. Saa sita kasoro robo mama alitoka wa mwisho, kisha ukaingia ujumbe wake: "Zote zimekwenda, mwanangu. Lala." Dakika chache baadaye mashine yake ikazima, zikabaki zile tatu zenye lebo.