Ultrasaundi ya neva, kano na viungo: inapong'ara na inapokwama

Kwa ganzi ya vidole, bega lisiloinuka au kisigino kinachouma, ultrasaundi ndiyo kipimo tunachokipendekeza mapema, mara daktari wa mifupa akishamkagua mgonjwa kwa mikono yake na, inapobidi, akishaona eksirei. Tunaipa alama za juu. Lakini alama hizo ni za huduma iliyofanywa sawasawa, kwa sababu kipimo hiki kinategemea mkono wa mpimaji kuliko eksirei au MRI, yaani picha za sumaku.

Kwanza probu, kile kifaa cha mkononi kinachotuma mawimbi ya sauti mwilini na kuyapokea. Kazi hii inataka probu ya uso ulionyooka, yenye masafa ya megahezi 10 hadi 18. Masafa yakipanda picha huwa kali, ila mawimbi hayafiki mbali. Ndiyo maana nyonga ya mtu mnene hupimwa kwa probu ya mviringo ya megahezi 2 hadi 5, na picha yake lazima ififie. Kituo chenye probu ya tumbo peke yake, ile ya kuangalia mimba na ini, hakiwezi kutoa jibu la kuaminika kuhusu neva ya kifundo cha mkono. Uliza kabla ya kupanda kitandani.

Ukiikata neva kwa picha ya mkingamo utaona kitu kama sega la nyuki: vitone vyeusi vilivyotenganishwa na kuta nyeupe. Kano, ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa, huonekana kama nyuzi nyeupe zilizobanana. Kwa mgonjwa mwenye ganzi, eneo la neva ya mediani, ile inayopita katikati ya kifundo kwenda vidoleni, hupimwa inapoingia kwenye mfereji wa kifundo cha mkono, usawa wa pisifomu, kimfupa kidogo cha kifundo upande wa kidole cha mwisho. Mstari wa kupimia upite ndani ya ganda jeupe la neva. Ukipita nje yake, eneo huongezeka na neva nzima husomeka kama iliyobanwa. Kwa kawaida shaka huanza kati ya milimita za mraba 10 na 12, lakini namba moja haitoshi. Mpimaji makini hurudi juu kwenye kigasha, sentimita 12 hivi kutoka kwenye kifundo, akapima neva ileile tena. Uwiano wa namba hizo mbili ukifika 1.4, hoja ya mbano inapata nguvu. Wapo pia watu ambao neva hiyo imegawanyika matawi mawili. Hao hupimwa matawi yote na maeneo yakajumlishwa, la sivyo ugonjwa hupita bila kuonekana.

Kosa linalotuumiza zaidi, kwa sababu linaweza kumpeleka mtu kwenye upasuaji asiouhitaji, ni anisotropia. Kano hung'aa pale tu mawimbi yanapoipiga wima. Probu ikiinama digrii chache, nyuzi zilezile hugeuka nyeusi na kufanana kabisa na kano iliyochanika. Kano ya supraspinatasi, msuli unaosaidia kuinua mkono, hupinda kuelekea inapojishikiza kwenye kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, kwa hiyo hapo ndipo mtego ulipo. Dawa yake ni kuitikisa probu polepole mbele na nyuma, kisha kuizungusha digrii 90. Mchaniko wa kweli hubaki mweusi kwenye kila pembe na kwenye mikato yote miwili. Weusi unaopotea ukigeuza probu haukuwa ugonjwa. MRI nayo ina mtego wa jamii hiyohiyo: kano ikikaa karibu digrii 55 dhidi ya uga wa sumaku, kwenye picha za mwangwi mfupi (aina mojawapo ya picha za MRI) hung'aa kana kwamba imeharibika.

Bega lina sharti jingine. Mgonjwa aweke kiganja kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kiwiko kikielekea nyuma, ili kano itoke chini ya akromioni, ncha ya mfupa iliyo juu ya bega. Asiyeweza kwa sababu ya maumivu au ukakamavu ataonekana nusu tu, na ripoti inapaswa kusema hivyo waziwazi.

Kinachoipa ultrasaundi ushindi ni mwendo. Kunja kiwiko taratibu, probu ikiwa juu ya neva ya alna, ile inayopita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, na kama haijatulia mahali pake utaiona ikiruka juu ya mfupa kwenda mbele na kurudi. MRI ya kawaida humpiga mtu picha akiwa ametulia, kwa hiyo tukio hilo hulikosa kirahisi. Ila mkono uwe mwepesi na jeli iwe nyingi: probu ikikandamizwa huishikilia neva isiruke. Mkandamizo huohuo hufunga mishipa midogo ya damu, na Dopla, sehemu ya kipimo inayoonyesha damu ikitembea, ikaonyesha kiungo kilichopoa wakati kinawaka kwa uvimbe.

Pale inapokwama, inakwama kweli. Mawimbi hayapenyi mfupa. Uboho, ufa mchanga wa mfupa usiofika juu, ligamenti za msalaba (kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa) ndani ya goti, meniski (mito ya gegedu ya goti) kwa ukamilifu wake, na gegedu iliyojificha nyuma ya mfupa ni kazi ya MRI. Anayeahidi kuyaona yote hayo kwa ultrasaundi usimwamini. Vilevile, picha inaonyesha umbo la neva, haionyeshi inavyopitisha umeme, kwa hiyo kipimo cha umeme wa neva bado kina nafasi yake.

Probu ndogo za kuunganishwa na simu tunazipenda kwa kuongoza sindano na kutafuta maji ndani ya goti. Kwa kupima neva nyembamba za vidole hatuzipendekezi bado: hupata joto, hujipunguzia nguvu katikati ya kazi, na kwenye kioo kidogo ganda la neva ni vigumu kulifuata.

Ripoti nayo ipimwe. Iwe na upande uliopimwa, vipimo kwa milimita, mlinganisho na upande usio na ugonjwa, mkao wa kiungo, na maelezo ya kilichotokea kiungo kilipochezeshwa. Ikisema tu "kano ina kasoro" bila kutaja ni kano ipi, unene wake na kama mchaniko umepita kina chote au sehemu, irudishwe kwa mpimaji kabla ya kumfikia daktari wa upasuaji.