Uzoefu wangu na Huawei Ideos U8150: skrini ndogo, nafasi ndogo, na namna ya kuishi nazo

Ideos U8150 ndiyo iliyowafikishia Wakenya wengi Android kwa mara ya kwanza. Ilipoletwa na Safaricom mapema 2011 ilikuwa kama shilingi 8,000, bei ambayo kabla ya hapo haikununua simu ya maana ya kugusa. Bado naipenda kwa sababu ukishaelewa mipaka yake inakufanyia kazi vizuri, lakini mipaka hiyo lazima uielewe.

Skrini ni ya inchi 2.8, pikseli 240 kwa 320. Huhisi umeme mdogo wa ngozi, haihisi mkandamizo. Ukucha hauifanyi lolote, na kidole chenye jasho au maji huichanganya. Gusa kwa nyama ya kidole, kwa wepesi. Ukiona haisikii, futa kioo kwa kitambaa kikavu, usiongeze nguvu.

Taabu kubwa ni kuandika. Simu ikiwa wima, upana wa skrini ni kama milimita 43, na mstari wa juu wa kibodi una herufi kumi, kwa hiyo kila kitufe kinapata milimita 4 na ushei. Ilaze ubavu na kila kitufe kitafika karibu milimita 6. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa hesabu, ila makosa hupungua kweli. Jambo la pili: kamusi ya kibodi ni ya Kiingereza, na ukigusa kitufe cha nafasi inaweza kuligeuza neno lako la Kiswahili kuwa kitu kingine kabisa. Fungua mipangilio, ingia sehemu ya lugha na kibodi, chagua kibodi ya Android, kisha ondoa tiki kwenye kujaza maneno yenyewe. Fanya hivyo siku ya kwanza.

Kosa likishatokea katikati ya sentensi, usihangaike kulilenga kwa kidole. Android 2.2 iliyo kwenye simu hii haina kile kishikio cha kuburuta kishale (alama inayoonyesha unapoandikia) kilichokuja na toleo la 2.3. Hapo ndipo kile kitufe cha mishale chini ya skrini kinapopata thamani yake: kinasogeza kishale herufi moja moja, kushoto au kulia. Wengi hukidharau kama kumbukumbu ya simu za zamani. Kwangu mimi ndicho kitu bora kwenye simu hii, pamoja na vitufe halisi vya kupokea na kukata, ambavyo unavipata kwa kupapasa bila kuangalia.

Sasa nafasi. Kumbukumbu ya ndani ni MB 512 na mfumo wenyewe unakula sehemu kubwa. RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu, ni MB 256. Ukiweka programu tano sita nzito, onyo la nafasi kuisha linatokea juu ya skrini. Usilipuuze. Nafasi ikiwa finyu hivyo, simu huacha kusawazisha barua pepe na hukataa kupokea SMS. Anayetumia M-Pesa aelewe hili vizuri: pesa inaweza kuwa imeshakwenda na ujumbe wa kuthibitisha usiingie. Mtu akidhani muamala umekwama akatuma tena, ametuma mara mbili. Kuuliza salio kupitia menyu ya laini nako hakusaidii, kwa kuwa jibu lake pia huja kwa SMS. Kwanza punguza mzigo, kisha subiri. Ujumbe hushikiliwa upande wa mtandao na huletwa simu ikiweza kupokea.

Cha kufuta kwanza ni akiba ya kivinjari (mabaki ya kurasa za intaneti ulizofungua), halafu mazungumzo marefu ya zamani. Baada ya hapo hamishia programu kwenye kadi ya kumbukumbu: mipangilio, programu, simamia programu, gusa jina lake, hamishia kwenye kadi. Si zote zinazokubali, na data zake hubaki ndani ya simu, kwa hiyo usitarajie kurudishiwa nafasi yote. Programu yenye kijisanduku (widget) kwenye skrini ya mwanzo iache ndani, maana kadi huchelewa kusomwa simu inapowaka. Na ukiunganisha kadi na kompyuta kwa waya wa USB, programu zilizohamishwa hazitafunguka mpaka uitenganishe.

Betri ni ya mAh 1,200. Kinachoimaliza haraka ni 3G na mwanga wa skrini. Usipotumia data, chagua mtandao wa 2G pekee kwenye mipangilio ya mitandao ya simu. Hotspoti inafanya kazi vizuri mno, hadi vifaa 8, lakini iwashe simu ikiwa kwenye chaji. Chaja ya ukutani ni bora kuliko kompyuta: bandari ya USB ya kawaida hutoa mA 500, na kwa kasi hiyo betri tupu haijai chini ya saa mbili na nusu.

Kamera ni megapikseli 3.2, haina taa. Inatosha mchana.

Ukiuziwa iliyotumika leo, jua kwamba WhatsApp iliacha kuhudumia Android 2.2 mwisho wa 2016, na tangu Septemba 2021 Google hairuhusu kuingia kwenye akaunti kutoka matoleo ya zamani kama haya. Kupiga, SMS, menyu ya laini na redio ya FM ukiwa umechomeka visikizio ndivyo vya kutegemea. Kabla ya kulipa, toa betri uilaze juu ya meza uizungushe: ikizunguka kama pia, imevimba, usiichukue. Kisha fungua kibodi, andika kila herufi ya mistari yote mitatu, simu ikiwa wima na ikiwa ubavu.